Sahihi Kwenye Draiva

Mteja alipoirudisha ile laptopu kwa mara ya tatu, Bisibisi aliona haya hata kumtazama usoni.

Bisibisi halikuwa jina lake. Ni kaka yake aliyembandika binti huyu jina hilo tangu alipokuwa wa kimo cha meza, alipozoea kusimama kando yake mchana kutwa akimpa bisibisi, koleo, brashi, kabla hata hajaombwa. Wazazi wao walifariki mapema. Kaka akamlea, akamvusha barabara kila asubuhi kwenda shule, akamfundisha ufundi wa kompyuta, na sasa walikuwa na karakana yao wawili: chumba kimoja ghorofani, mwisho wa korido ndefu, meza mbili zilizotazamana. Kaka mtu, wateja walimwita Miwani. Kwa miaka mingi alivaa miwani minene kama vitako vya chupa, na mwaka juzi hata hiyo ikawa haimsaidii tena. Daktari alimwambia ajiandae kwa giza. Halafu, ulikuwa unakaribia kutimia mwaka sasa, macho yakapona. Ghafla tu. Miwani ikaingia kwenye droo, jina likabaki.

"Fundi, mimi na wewe tutagombana," alisema mteja akiitua laptopu mezani. Alikuwa mkalimani, mama wa makamo mwenye sauti iliyonyooka, anayefanya kazi akiwa nyumbani kwake: watu walikutana kwa intaneti kutoka nchi mbalimbali, naye akawasikiliza na kuwatafsiria papo hapo. "Jana nilikuwa katikati ya kesi. Mtu anaeleza alivyopigwa, mimi ndiye kinywa chake, waifai ikakata. Dakika tatu nzima! Iliporudi, jaji ameshasonga mbele, yule mtu kabaki na maneno yake mdomoni."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika kumi jioni. Na juzi saa kumi na dakika kumi. Na siku ya kabla yake pia. Saa yangu ya ukutani haina adabu kiasi hicho."

"Simu yako hukata wakati huo?"

"Haikati. Kompyuta ya mwanangu haikati. Ni hii peke yake."

"Basi tusiisingizie ruta wala watu wa mtandao. Shida imo humu ndani." Bisibisi aliifungua laptopu. "Ni draiva."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kadi yake ya waifai. Kompyuta haiijui lugha ya kadi, kadi haiijui ya kompyuta. Draiva ndiyo inayobeba maneno huku na huku. Ni mkalimani mwenzako."

Yule mama alicheka. "Na akiwa mwongo?"

"Hapo wote wawili wanadanganywa, na hakuna anayejua."

Kwenye meza ya pili Miwani alikuwa akilehemu kijisaketi kisichozidi ukucha. Hakuinua uso.

Bisibisi aliifuta draiva iliyokuwemo, akachukua mpya kwenye tovuti ya watengenezaji wa kadi, akaipachika. Kisha akaondoa alama pale panapoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kubana umeme, maana mara nyingi ugonjwa hulala hapo. Akaiwasha upya. Vijimstari vya waifai vikajaa. "Kaa, mama. Hiyo saa tuisubiri pamoja."

Ilipofika saa kumi na dakika nane Miwani alinyanyuka akatoka kunyoosha miguu, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Walikaa wakitazama kioo. Kwanza ikaja harufu, ya nywele zilizoungua, na Bisibisi akainama chini ya meza kuangalia kama kuna waya unaoshika moto. Hakukuwa na kitu. Aliponyanyua kichwa, vijimstari vya waifai vilikuwa vinapungua kimoja kimoja, na ile orodha ya mitandao ya jengo zima, ya kinyozi, ya wakili, ya duka la dawa, ikawa inajifuta kuanzia chini kwenda juu, na feni ya laptopu ikaanza kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, kama pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Akanyoosha kidole kubonyeza kitufe.

Alipobonyeza, mkalimani hakuwa tena kwenye kiti. Kiti kilikuwa kimeanguka. Mama wa watu alikuwa amesimama mlangoni, ameukumbatia mkoba wake kama mtoto. Saa ilionyesha kumi na dakika kumi na tatu, na waifai ilikuwa imerudi.

"Mama, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi?" Alinong'ona. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

"Mdomo ulikuwa wako. Sauti haikuwa yako. Nimefanya kazi ya sauti za watu miaka ishirini, Fundi, sijawahi kusikia ile. Ilisema, 'Bado siku mbili.' Ikarudia, ikarudia huku inacheka, kama mtu anayehesabu siku za kuhamia nyumba mpya."

Hapo ndipo Miwani aliporudi. Alimtazama dada yake, akatazama kiti kilichoanguka, akakiinua.

"Uchovu tu huo, mdogo wangu," alisema. "Kapumzike. Unajitesa sana na kazi."

Ilikuwa baadaye, akiwa ameshalala chali anatazama dari, Bisibisi alipogundua kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia kaka yake lililotokea.

Kesho yake alitangulia kazini kabla ya jua kuchoma. Mkalimani alikuwa ameikimbia laptopu yake palepale mezani. Bisibisi aliifungua. Draiva aliyoiweka jana kwa mkono wake haikuwepo. Mahali pake palikaa nyingine, yenye tarehe ya mwaka jana, pungufu ya siku moja tu kutimiza mwaka. Sasa, kila draiva hubeba sahihi, yaani jina la aliyeitengeneza, ili kompyuta ijue inampokea nani. Wengi hawaiangalii. Bisibisi aliibonyeza, akasoma, kisha akauvuta mkono wake kifuani kama aliyeungua.

Lilikuwa jina lake. Si la Bisibisi, wala si lile la kwenye vyeti. Lilikuwa jina ambalo mama yake alimpa siku ya kwanza, la kumnong'oneza sikioni, likifuatiwa na jina la mama mwenyewe. Halikuwahi kuandikwa popote. Duniani walibaki watu wawili wanaolijua, na mmoja alikuwa yeye.

Aliishusha kila laptopu iliyokuwa rafuni ikisubiri mwenyewe. Zilikuwa kumi na moja. Saba alizitengeneza yeye, na zote saba zilikuwa na draiva ile, na sahihi ile. Nne alizitengeneza kaka yake. Zilikuwa safi. Alikaa chini sakafuni katikati ya laptopu zilizo wazi, akaitazama mikono yake, akaelewa kwamba kwa muda wote huo alikuwa akitafuta ugonjwa kwenye mashine na kumbe yeye ndiye aliyekuwa akizigawia.

Alimpigia mkalimani, kwa kuwa hakujua ampigie nani mwingine.

"Njoo kwangu," mkalimani alisema. "Nakaa na shangazi yangu. Alikuwa mkunga miaka arobaini, na wanaoingia ndani ya watu anawajua kama anavyowajua wanaotoka. Njoo kabla ya hiyo saa."

Shangazi alikuwa bibi mfupi mwenye mikono mikubwa. Hakuuliza mengi. Alimnusa Bisibisi viganja, akakunja uso, akamketisha kwenye mkeka sebuleni, kisha akamwamuru mpwa wake awashe simu irekodi sauti. "Wewe hutasikia kitu, mwanangu. Utakatika kama waya. Ukirudi tutakusikilizisha, maana jambo hili lazima ulisikie kwa masikio yako, nikikuambia mimi hutaniamini."

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha, kwa Bisibisi, hapakuwa na kisha: shangazi alikuwa kulia, mara yuko kushoto, jasho linamtiririka, na mkalimani analia bila sauti akiwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Wakamwekea. Kwanza ilisikika pumzi tu, ndefu, inavuta na kutoa, ndipo ikaja sauti nene ya polepole, sauti ya kitu kinachojifunza kutumia ulimi, na ndani ya sauti ile, kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, Bisibisi alisikia koo lake mwenyewe.

"Nani wewe?" shangazi aliuliza kwenye rekodi.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba hii ina mwenyewe. Toka."

"Siwezi kufukuzwa. Sikuvunja mlango, bibi. Nimekaribishwa."

"Nani kakukaribisha?"

Kikacheka. "Aliyekuwa akimshika mkono kumvusha barabara. Alitaka macho, nikampa macho. Nikamwambia nami sina mwili wa kukaa, nipe wa nyumbani kwako. Akanipa jina, la binti na la mama yake. Mwaka mzima naingia kidogo kidogo, dakika kwa dakika, kwa mikono yake, kwa mashine anazozigusa, naupima ukuta, nalipima paa. Kesho mwaka unatimia. Kesho nikiingia, sitoki."

Rekodi ilikwisha. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira ukutani, du, du, du.

"Si kaka yangu," Bisibisi alisema. "Kinadanganya. Wewe mwenyewe unajua vinadanganya."

Shangazi alimshika magoti. "Kamuulize. Akikana, nitafurahi kuliko wewe. Akikubali, mwambie aje hapa kesho, aseme kwa kinywa chake kwamba anarudisha alichopewa na kuchukua alichotoa. Hakuna dawa nyepesi kuliko hiyo."

Alimkuta Miwani karakanani, jua likiwa linazama dirishani, anasoma namba zilizo mgongoni mwa kijisaketi bila taa. Bisibisi alisimama mlangoni akimwangalia yale macho mazuri, meupe, yasiyo na hata mshipa mwekundu.

"Kaka. Jina langu umempa nani?"

Mkono wa Miwani ulisimama. Bisibisi alingoja akane. Alikuwa ameshaamua kwamba akikana, hata kwa uongo, atamwamini.

"Nilidhani kitaomba mnyama," Miwani alisema, akiwa bado ameinama. "Wanaombaga mnyama. Kiliponiambia mtu wa nyumbani, nilikataa. Wallahi nilikataa siku tatu. Siku ya nne niliamka nikawa siuoni mkono wangu. Bisibisi, wewe hujui giza. Nilikaa kitandani nikakusikia jikoni unaosha vyombo, unaimba, na sikuweza kukuona."

"Ukanitoa."

"Sikuwa na mtu mwingine."

"Ungeniambia!" Sauti ilimpasuka. "Ningekuwa macho yako. Ningekushika mkono kama ulivyonishika. Ningekusomea kila namba ya kila kifaa mpaka tuzeeke hapa wawili!"

"Najua," alisema taratibu. "Ndiyo maana nilijua hutakasirika sana."

 Bisibisi alijishika kwenye fremu ya mlango. Mwaka mzima walikuwa wamekula sahani moja. Mwaka mzima, kila ikikaribia saa ile, kaka alitoka kunyoosha miguu ili asimwone dada yake anavyoingiliwa.

"Kesho saa tisa na nusu," alimwambia mwishowe, akamtajia nyumba ya mkalimani. "Uje urudishe neno lako."

Miwani alikuja akamkumbatia, machozi yake yakamlowesha bega. "Nitakuja. Kwa kaburi la mama, nitakuja. Macho si kitu."

Na yeye, licha ya yote, alimwamini.

Saa tisa na nusu ilifika, ikapita. Saa kumi kasorobo Bisibisi alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Alipiga tena. Saa kumi kamili mkalimani alitoka hadi barabarani akaangalia huku na huku, akarudi anatikisa kichwa. Laptopu yake ilikuwa wazi juu ya meza, waifai imejaa, saa yake inahesabu.

"Kuna njia nyingine," shangazi alisema. "Sikutaka kuitaja, kwa sababu haina kurudi. Alikutoa kwa kuwa wewe ni wake. Ukiwa si wake, hakuwa na cha kutoa, na kile kiumbe hakina haki humu. Useme mara tatu, kabla ya dakika ya kumi: sina kaka. Na ukishasema, mwanangu, ndiyo basi. Usimwite kaka tena, wala usimwitikie undugu maishani mwako. Siku utakayomkubali, utakuwa umekikubali na alichokuletea."

"Amechelewa tu," Bisibisi alisema. "Barabara zina foleni."

Shangazi alimgeuzia laptopu aione saa.

Saa kumi na dakika sita. "Sina kaka," alisema, na ile harufu ikaingia sebuleni kana kwamba ilikuwa ikingoja kwenye ngazi.

Saa kumi na dakika saba. "Sina kaka," akasema akilia, na kabla hajafunga mdomo kicheko kilimtoka, kinene, cha polepole, kikitoka kooni mwake mwenyewe huku machozi yake yanaendelea, na feni ya laptopu ikaanza kuvuta na kutoa, na vidole vyake, bila yeye kuvituma, vikaanza kupapasa uso wake, paji, pua, midomo, kama mtu anayepapasa kuta za chumba atakacholala.

"Huo ulimi tu," shangazi alisema, akimkamata mikono kwa nguvu zake zote. "Moyo bado una kaka. Haraka!"

Simu ikatetemeka mkekani. Mkalimani aliinyanyua, akasita, akamwonyesha kioo. Ulikuwa ujumbe wa Miwani.

*Mdogo wangu, usinitafute. Nilifika mpaka mlangoni hapo nikarudi, nimo kwenye basi. Nasikitika sana. Naona milima yote kutoka hapa, naona hadi majani ya miti. Utanisamehe, nakujua.*

Bisibisi aliusoma mara mbili. Kitu kilichokuwa kimemkaza kifuani tangu jana, na alichodhani ni hofu, kilifumuka chote kwa mkupuo mmoja, na pale kilipokuwa pakabaki patupu na baridi.

"Sina kaka," alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayejibu karani anayejaza fomu.

Taa ilififia. Ladha ya chuma ilimjaa mdomoni, ikapanda puani, na kitu kikamtoka kikimkwaruza koo lote, kirefu, kisichotaka kwisha, kikilalamika kwa lugha ambayo mkalimani, aliyejua lugha sita, aliziba masikio asiisikie. Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe ukajibamiza. Halafu kukawa kimya kiasi cha kusikia mpira wa watoto nje.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Ikawa dakika kumi na moja, kumi na mbili. Vijimstari vya waifai havikutikisika.

Alipopata nguvu alijikokota mezani akaibonyeza draiva. Sahihi ilikuwa ya watengenezaji wa kadi, kama inavyopaswa kuwa. Akataka kujihakikishia, akajaribu kulikumbuka lile jina lililokuwepo jana, jina alilonong'onezwa na mama yake. Alijaribu mpaka jua likazama. Halikuja, na halijaja hadi leo.

Miezi minne baadaye, siku ya mvua kubwa, umeme ulikatika jengo zima mchana. Bisibisi alikuwa peke yake karakanani, mlango ameurudisha. Korido ilikuwa imejaa masanduku ya wakili aliyekuwa anahama na viti vibovu vya kinyozi, na giza lake lilikuwa la kutumbukiza kidole jichoni. Watu wawili walikuwa wameshajikwaa na kulaani. Ndipo aliposikia hatua. Zilikuja toka kule ngazini hadi kwake bila kusita, bila kupapasa ukuta, zikipita katikati ya vile viti kama zimeandikiwa njia, zikasimama mlangoni.

"Bisibisi."

Ilikuwa sauti ya Miwani. Ilikuwa hasa sauti yake, na imechoka.

"Kimenirudia mimi, mdogo wangu. Kimekosa kwako kimerudi kwangu. Nina baridi. Sikuombi hata unifungulie. Nikuulize tu, mimi ni nani wako? Jibu hilo tu nitaondoka."

Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nje ya mlango mtu alikuwa analia, kilio kilekile alichokisikia siku ya mazishi ya mama yao, akiwa na miaka saba, amebebwa begani.

"Niitikie. Neno moja. Mimi ni nani wako?"

Alijing'ata kiganja mpaka kikatoka damu. Mvua ilipungua, ikaisha. Kilio nacho kikakoma ghafla, katikati ya pumzi, kama kitu kilichozimwa.

"Bado kidogo," ilisema ile sauti nene, ya polepole, kwa uchangamfu kabisa. "Nitapita tena."

Na hatua zikaondoka, nyepesi, gizani, bila kugusa kiti hata kimoja.